Krapf: aliyezika mke na mtoto Mkomani, akamwachia Mungu

Mfanyabiashara wa Msambweni anayepeleka nazi na maembe soko la Kongowea hufika, pengine bila kujua, karibu na kaburi la mwanamke wa Kizungu. Liko Mkomani, upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mvita. Rosine Krapf amelazwa hapo pamoja na kitoto chake kichanga tangu Julai 1844. Jina la mumewe, Johann Ludwig Krapf, wengi wetu tulilisoma darasani: mmishonari, Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Tukalikariri kwa ajili ya mtihani, likaishia hapo.

Mimi nimemkumbuka kwa sababu ya matanga. Majuzi nilikaa chini ya turubai hapa Ukunda kwa jirani yangu Mkristo aliyefiwa na mwanawe. Nilimpa mkono wa pole, nikakosa la kuongeza. Waislamu wenzangu wawili walibaki barabarani, si kwa ubaya, ila hawakujua waingie vipi. Mfiwa alikuwa akirudia neno moja tu, kwamba amemwachia Mungu. Nilirudi nyumbani nikijiuliza Mkristo anaposema hivyo ana maana gani. Katika historia ya pwani yetu sijaona mtu aliyelijibu swali hilo kwa maisha yake kama Krapf.

Alizaliwa Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani, mwana wa mkulima. Alitumwa na shirika la kimishonari la Kianglikana la London, CMS, akafanya kazi Habashi kuanzia mwaka 1837 mpaka alipofungiwa njia. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipojaribu kuingia tena Habashi mwaka uliofuata, Rosine alijifungua jangwani kabla ya wakati wake. Mtoto wa kike aliishi kwa saa chache tu. Walimbatiza kwa jina Eneba, ambalo kwa lugha ya Kihabashi ni chozi, wakamzika wakaendelea na safari.

Januari 1844 Krapf alifika Unguja. Sayyid Said alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, akijua wazi kwamba mgeni huyo alikuja kuhubiri dini nyingine. Mei ya mwaka huo Krapf na mkewe wakahamia Mvita. Hawakumaliza hata miezi mitatu pamoja. Homa iliwaangusha wote wawili. Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua binti, tarehe 13 akafariki, na siku mbili baadaye mtoto naye akamfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa hajiwezi kitandani, akidhani zamu yake imefika.

Kabla ya kufa Rosine aliomba azikwe bara, si kisiwani, ili wapita njia walione kaburi na kukumbuka kilichomleta. Mumewe alipopata nguvu za kushika kalamu aliwaandikia wakubwa wake London. Hakuomba kurudishwa kwao. Aliwaeleza kwamba kaburi lile la upweke ni dalili kuwa kazi yao katika sehemu hii ya dunia imekwisha kuanza.

Hapo ndipo Mwislamu anaposimama na kushangaa, na hapo ndipo tuielewe imani yao. Wao wanaamini kwamba Yesu aliteswa, akafa msalabani, akafufuka siku ya tatu. Sisi hatuamini hivyo kuhusu Nabii Isa, alayhi salaam, na sitajifanya kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Lakini kwa Krapf, Mungu hakuyatazama mateso ya waja kwa mbali, aliyaingia. Mauti yakawa mlango ambao Yesu ametangulia kuupita. Ndiyo maana kaburi la mkewe hakuliona kuwa ni hasara tupu, japo lilimvunja moyo. Alilihesabu kama mbegu.

Na kumwachia Mungu kwake hakukuwa kukunja mikono. Juni 1844, mwezi mmoja kabla ya msiba, alikuwa ameanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mvita, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Baada ya mazishi aliirudia kazi hiyo. Mwaka 1846 alikuja mwenziwe, Johannes Rebmann. Wote wawili wakiwa na homa, walipanda kwenda Rabai wakiwa na punda mmoja, wakipokezana kumpanda, na huko wakafungua kituo chao.

Pwani yetu ya kusini pia aliijua. Mwaka 1848 alipita nchi ya Wadigo akielekea Usambara kwa mfalme Kimweri, na mwaka 1850 alisafiri kwa chombo pamoja na Erhardt, akipita pwani hii hadi Rasi ya Delgado.

Mwaka 1851 alikuwa na mzee Kivoi, kiongozi wa Wakamba, karibu na Mto Tana, walipovamiwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa na Krapf akabaki peke yake nyikani. Hakuwa na chombo cha maji, basi aliyatia ndani ya mtutu wa bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini, akaziba kwa majani. Mchana alijificha, usiku akatembea, na maji yakamwagika njiani. Aliponea chupuchupu.

Na mavuno yake? Ukihesabu waliobatizwa utaona haya kwa niaba yake. Wa kwanza alikuwa Mringe, kiwete, aliyebatizwa akiwa mahututi. Mwaka 1853 Krapf aliondoka kwa sababu ya afya. Alirudi kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi huko Ribe. Tarehe 26 Novemba 1881, huko Korntal, Ujerumani, alikutwa amefariki akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, katika hali ya kuomba. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapwa London mwaka uliofuata. Hakuiona.

Sisemi alikuwa mtu asiye na kasoro. Katika maandishi yake aliisema dini yetu kwa ukali, na mila za wenyeji hakuzihurumia. Hayo tuyajue. Lakini tujue pia kwamba kamusi ile imehifadhi maneno ya Kimvita ambayo leo hata wazee wetu wameyasahau, na kwamba ni yeye aliyepeleka Ujerumani miswada ya tenzi za Kiislamu za pwani, ikahifadhiwa huko. Tena tujue kwamba kadhi alikaa naye kitako wakifasiri kitabu, na kwamba Bwana Kheri, Mswahili wa pwani, ndiye aliyemwongoza Rebmann hadi Kilimanjaro mwaka 1848. Waislamu hao hawakuacha dini yao, wala hawakumkimbia mgeni.

Nasi tuna yetu ya kusema penye msiba. Tunakiri kwamba sote tulitoka kwa Mola na kwake tunarejea. Tunamkumbuka Nabii Ayubu na subira yake, na tunajua kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim alipofariki akiwa mdogo. Siku ya ufufuo tunaiamini sote, ingawa tumetofautiana kuhusu nani ametangulia kufufuka. Kwa hiyo Mkristo anaposema amemwachia Mungu, hatusikii lugha ya kigeni. Ni baba aliyefiwa anayekubali kwamba mtoto hakuwa mali yake.

Arubaini ya mtoto wa jirani yangu haijafika. Wale wenzangu wawili nimewaambia twende pamoja wiki hii, tukae naye. Maneno tukiyakosa, tutanyamaza naye.