Bibi Aliyewachorea Wakuu Hesabu ya Vifo

Kila ifikapo tarehe 12 Mei wauguzi wa ulimwengu mzima huadhimisha siku yao, nayo ndiyo siku aliyozaliwa Bibi Florence Nightingale mwaka 1820. Wengi humjua kwa picha ya mwanamke aliyeshika taa usiku katikati ya vitanda vya majeruhi. Hatuipingi picha hiyo. Lakini leo tunapenda kumkumbuka kwa kazi aliyoifanya mezani, kwa kalamu na rangi, ambayo kwa maoni yetu si ndogo kuliko ile ya taa.

Alitoka katika jamaa ya Kiingereza yenye mali, akafundishwa na baba yake mwenyewe, na tangu utoto alipenda hesabu. Mwezi wa Oktoba 1854 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikipigana na Urusi katika Vita vya Crimea, ilimtuma pamoja na wauguzi 38 kwenda hospitali ya jeshi huko Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul. Alikuta mifereji ya uchafu imeziba chini ya jengo, vifaa havitoshi, na madaftari ya waliofariki hayapatani. Alijitahidi, na bado vifo vilizidi. Mwezi wa Februari 1855 walikufa kiasi cha wagonjwa 42 katika kila 100. Mwezi wa Machi ikafika tume ya usafi, ikazibua mifereji, ikasafisha maji na kuingiza hewa. Kufikia Juni walikuwa wakifa kiasi cha 2 tu katika kila 100.

Aliporudi kwao mwaka 1856 alikuwa na jambo moja la kuwaeleza wakuu: askari hawakuuawa na adui. Mwezi wa Januari 1855 peke yake, maradhi ya kuambukiza kama kipindupindu na kuhara yaliwaua 2,761. Majeraha ya vita yaliwaua 83. Sababu nyinginezo 324. Akishirikiana na William Farr, bingwa wa takwimu, alipanga hesabu hizo mwezi kwa mwezi. Lakini ofisa ye yote aliyepata kukabidhiwa taarifa yenye kurasa za majedwali anajua mwisho wake ni wapi. Bibi huyu naye alijua, akaamua kuchora.

Mchoro wake wa mwaka 1858 una duara mbili, moja kwa kila mwaka wa vita. Kila duara imegawanywa vipande 12 vinavyotoka kitovuni, mfano wa mkate wa sinia, kila mwezi kipande chake. Mwezi wenye vifo vingi kipande chake hutanuka nje. Buluu ni maradhi yaliyoweza kuzuilika, nyekundu ni majeraha, nyeusi ni mengineyo. Mtu huhitaji kutupa jicho mara moja tu kuona buluu ilivyofurika katika duara ya kwanza, na ilivyonywea katika ya pili baada ya usafi kufanywa.

Hapo kwanza alipima vifo kwa urefu wa mstari kutoka kitovuni. Kwa njia hiyo mwezi wenye vifo maradufu ulionekana mkubwa mara nne, maana jicho hutazama eneo lote. Akabadili, akapima kwa eneo. Wapo wachoraji wa leo wasiojali jambo hilo.

Hata hivyo, sisi tunaupendelea mchoro wake mwingine, usiotajwa sana. Huo ni wa mistari ya kawaida iliyolazwa miwilimiwili: mweusi kwa raia wa Uingereza, mwekundu kwa askari wa umri ule ule waliokuwa kambini nyumbani wakati wa amani. Kila mahali mwekundu unakaribia kuwa mara mbili ya mweusi. Vijana waliochaguliwa kwa afya zao walikuwa wakifa kwa wingi kuliko wakulima na makarani, pasipo risasi hata moja! Mchoro wa duara ni mzuri kwa macho, lakini ulinganisho wa urefu kwa urefu hauhitaji maelezo, wala hauachi nafasi ya ubishi.

Tume ya Kifalme iliundwa mwaka 1857, makambi yakarekebishwa, na jeshi likaanza kutunza takwimu za afya yake kwa utaratibu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya akiwa mgonjwa chumbani mwake. Chama cha Takwimu cha London kilimpokea, mwanamke wa kwanza kuingia humo. Mwaka 1860 ilifunguliwa shule yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', kisha akaigeukia afya ya jeshi na wananchi wa India, nchi asiyopata kuikanyaga.

Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey, akazikwa kijijini East Wellow. Upande wake wa jiwe la kaburi una herufi mbili za jina lake na tarehe mbili.