Ibn Sina na Kauli za Sharti

Abu Ali ibn Sina alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, nchi ambayo leo ni Uzbekistani. Wengi humkumbuka kama tabibu, ilhali mantiki aliianza mapema zaidi. Al-Natili, mwalimu aliyemfundisha fani hiyo utotoni, alipitwa na mwanafunzi wake upesi. Kijana akaendelea peke yake: kila hoja aliyoisoma aliiandikia misingi yake, akaipanga, kisha akapima ni hitimisho gani linalotokana nayo na kwa masharti gani. Alipokwama alikwenda msikitini kusali, akarejea usiku kwenye taa yake.

Kumtibu mtawala Nuh ibn Mansur kulimfungulia maktaba ya kifalme. Baadaye alitangatanga, akawa waziri Hamadan, akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan. Hata humo aliandika.

Katika Kitab al-Shifa alizipa kauli za sharti nafasi pana kuliko aliyozipa Aristotle. Alitenga zinazounganisha, za namna ya ikiwa na basi, na zinazotenganisha, za ama na au. Maneno yenyewe, mantiki na sharti, Kiswahili kimeyapata katika Kiarabu hicho hicho alichokiandika.

Kazi hiyo ingali na faida kwa mtahiniwa wa leo. Mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani uliondoa mafumbo ya kupanga mwaka 2024, lakini hoja za sharti zimebaki. Mwanafunzi wa Kiptere, huko Kericho kwenye chai, anaweza kujipima nyumbani. Mvua ikinyesha, njia ya udongo hulowa. Imenyesha, basi imelowa. Haikulowa, basi haikunyesha. Hapo hoja imesimama. Bali akiiona njia imelowa na kushikilia kuwa mvua imenyesha, amekosea, kwani huenda mtungi wa mtu umemwagika. Akisema haikunyesha, kwa hiyo haikulowa, kosa ni lile lile kwa mlango wa nyuma. Mambo hugeuka ikisemwa kwamba njia hulowa inyeshapo mvua tu: sasa ulowevu unathibitisha mvua. Silabi moja, tu, imegeuza mwelekeo wa sharti zima. Ajabu ni kwamba -ki-, -nge- na -ngali- hufundishwa miaka mingi kama viambishi, na mara chache kama hoja.

Ibn Sina aliugua tumbo akiwa safarini pamoja na mtawala wa Isfahan, akafariki Hamadan mwaka 1037. Kaburi lake liko huko.