Seyyid Said: Mtawala aliyegeuza karafuu kuwa fedha

Huwezi kuzungumzia karafuu ya Zanzibar bila kumtaja Seyyid Said bin Sultan. Alizaliwa Oman mwaka 1791, akashika utawala Muscat angali kijana, na alipoona faida iko Afrika Mashariki akahamishia makao yake Unguja.

Said alitawala kama mfanyabiashara. Aliwaagiza wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Mwaka 1833 alitia saini mkataba na Marekani uliopanga ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1840 meli yake, Sultana, ilitia nanga New York ikiwa na magunia 135 ya karafuu, meno 108 ya tembo na ngozi 1,000.

Biashara hiyo ilihesabiwa kwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 28 hivi. Si ajabu Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa. Mwenye ziada alipeleka riale kwa sonara, ambaye aliziyeyusha na kufua mrashi, chetezo au vikuku. Mteja alilipia uzito, kisha ufundi. Mgeni aliyenyunyiziwa marashi na kufukizwa ubani alijua ameheshimiwa, na alijua pia kuwa nyumba ile ina akiba. Shida ilipobisha hodi, chombo kilirudi kwenye mizani.

Wafalme nao walipeana heshima kwa vyombo. Baada ya Said kutuma ujumbe London mwaka 1842, Malkia Victoria alimpelekea seti ya chai ya fedha iliyopakwa dhahabu, pamoja na gari la farasi ambalo Unguja haikuwa na barabara ya kulipitisha.

Hesabu hii ina upande mchungu. Karafuu zilichumwa na watumwa waliotolewa bara, wasiopata chochote katika faida. Tena, kila mtu alipopanda zao lile lile, bei ilianguka miaka ya 1840, Said angali hai. Alifariki baharini Oktoba 19, 1856, akirejea Unguja kutoka Oman.

Mkulima wa mpunga wa Mlabani anaifahamu hali hiyo: magunia yakijaa, bei hushuka. Mwenye karafuu tupu alibaki na hasara. Mwenye chombo cha fedha sandukuni alikuwa na cha kuweka rehani. Leo akiba yaweza kuwa ng'ombe, mabati au hisa za SACCOS. Muhimu isiwe kitu kinachoshuka bei siku ile ile mpunga unaposhuka.