Deni la Seyyidna Zubeir bin Awwam

Seyyidna Zubeir bin Awwam, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, mama yake ni Safiya binti Abdulmuttalib, shangazi yake Mtume, sala na salamu zimshukie. Naye ni katika Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Hakushika uliwali wala hakukusanya kodi. Mali yake ilitokana na vita alivyopigana pamoja na Mtume na Makhalifa watatu wa kwanza.

Watu walimwamini mno, hata wakamletea fedha zao awawekee. Naye akikataa kuzipokea kwa amana, akizipokea kwa mkopo. Hapa pana fikihi kubwa. Amana ikipotea pasipo uzembe wa mwekewa, hailipwi. Lakini mkopo hukaa katika dhima ya mkopaji, upotee usipotee. Alichelea isije mali ya watu ikapotea, akajitwisha dhamana mwenyewe. Hilo ndilo lililomletea deni, wala si israfu.

Siku ya vita vya Ngamia, huko Basra, mwaka 36 wa Hijra (656), alimwita mwanawe Abdallah, akamwambia kuwa hamu yake kubwa ni deni. Akamuusia auze mali alipe, na akishindwa amwombe Mola wake Zubeir. Akausia na thuluthi ya kitakachosalia. Kisha akauawa katika Wadi Siba, hali ametoka vitani.

Abdallah akahesabu deni, akaona ni 2,200,000. Taslimu hakuachiwa dinari wala dirhamu. Paliachwa ardhi, na nyumba 11 za Madina, mbili za Basra, moja ya Kufa na moja ya Misri. Abdallah bin Jaafar, aliyekuwa akiwia 400,000, alitaka kusamehe, kisha akataka kungoja. Mwana wa Zubeir hakuridhia hili wala lile, akampa sehemu katika shamba la Ghaba. Shamba hilo marehemu alilinunua kwa 170,000, nalo likauzwa kwa 1,600,000.

Deni lilipokwisha, warithi wakataka wagawiwe. Abdallah akakataa, ingawa naye ni mrithi, kwa kuchelea mdai asiyejulikana aliye mbali. Akanadi katika Haji miaka minne, kwani huko hukutana watu wa kila mji, kwamba mwenye kumdai Zubeir na aje alipwe. Ndipo alipotoa thuluthi, akagawa. Wajane wanne wakashirikiana thumuni, kila mmoja akapata 1,200,000. Jumla ya mali iliyopokewa katika Sahihi ya Bukhari hailingani na fungu hilo, na wanachuoni wana maneno mengi juu yake.