John Hanning Speke

John Hanning Speke (4 Mei 1827 – 15 Septemba 1864) alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza nchini Uhindi na mpelelezi wa Afrika ya Mashariki. Anajulikana kama Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Viktoria.

Safari ya kwanza

Speke alizaliwa Devon, Uingereza, akaingia jeshini mwaka 1844. Juni 1857 yeye na Richard Burton waliondoka pwani wakifuata njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Tarehe 7 Novemba walifika Kaze, katika eneo la Tabora ya leo, wakapokelewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Februari 1858 walifika Ujiji, Speke akiwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho.

Julai 1858 Burton alibaki Kaze, na Speke akaelekea kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay. Tarehe 3 Agosti aliliona ziwa karibu na Mwanza, akaamini ndilo chanzo cha Nile.

Vipimo vya kimo

Speke hakuwa ameuona mto ukitoka ziwani, hivyo hoja yake ilitegemea sana kimo. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mahali palivyo juu, takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300. Vyombo vingi vya msafara vilikuwa vimeharibika, na kilichobaki kilikuwa kipimajoto cha kawaida tu. Kwa Ziwa Viktoria Speke alipata takriban mita 1,140, karibu sawa na kimo halisi cha mita 1,134. Kwa Ziwa Tanganyika matokeo yalikuwa takriban mita 560, ilhali kimo halisi ni mita 773. Kosa la chini ya nyuzi 1 lilitosha kuleta tofauti hiyo, na wapinzani wake walilitumia kutilia shaka hoja yake.

Safari ya pili na kifo

Mwaka 1860 alirudi pamoja na James Augustus Grant, akapita tena Kaze, Karagwe na Buganda. Tarehe 28 Julai 1862 aliona Nile ikitoka ziwani. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake akiwa mawindoni, siku moja kabla ya mdahalo na Burton mjini Bath. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa na kuthibitisha kwamba Speke alikuwa sahihi.