Samuel Hahnemann: mganga aliyeachia wanamichezo vidonge vya arnika

Mchezaji wa mpira akigongwa mguu katika miji mingi ya Ufaransa, Ujerumani ama Uswisi, si ajabu kuona mzazi ama kocha akitoa mfukoni kichupa cha vidonge vidogo vyeupe vya arnika. Vidonge hivyo ni vitamu kama sukari, vinauzwa farmasi bila ordonansi ya mganga, na watu wanavimeza wakiteguka, damu ikivia chini ya ngozi ama misuli ikiuma kisha mashindano. Desturi hiyo ina chanzo kwa mtu mmoja: Docta Samuel Hahnemann, aliyekufa Paris tarehe 2 Julai 1843 akiwa na miaka 88.

Hahnemann aliona vizuri makosa ya waganga wa wakati wake, na alidai dawa zipimwe kabla ya kupewa wagonjwa. Lakini dawa alizoacha yeye mwenyewe, zilipopimwa, hazikupita mtihani.

Mtoto wa mchora vyombo

Samuel Hahnemann alizaliwa mwezi wa Aprili 1755 katika mji wa Meissen, jimbo la Saksonia, huko Ujerumani. Mji huo ulijulikana kwa kiwanda chake cha vyombo vya kauri, na baba yake alikuwa mmoja wa waliochora maua na picha juu ya sahani na vikombe. Nyumbani hakukuwa na pesa nyingi. Kijana alikuwa na akili ya lugha, na lugha ndizo zilizomlisha: alipokwenda kusoma uganga katika chuo kikuu cha Leipzig mwaka wa 1775, alijilipia masomo kwa kufundisha wengine na kutafsiri vitabu.

Kutoka Leipzig alikwenda Vienna, mahali alipopata nafasi ya kufuata waganga penye vitanda vya wagonjwa. Pesa zilipoisha, alikubali kazi ya kupanga vitabu vya tajiri mmoja huko Transilvania. Mwishowe, mwaka wa 1779, alipata diploma yake ya udocta katika chuo cha Erlangen. Mwaka wa 1782 alimuoa Henriette Küchler, aliyelelewa katika nyumba ya muuza dawa, na wakazaa watoto 11.

Kazi ya uganga haikumpa amani. Wakati ule, mgonjwa wa homa alitolewa damu kwa kukatwa mshipa ama kwa kuwekewa miruba. Alipewa dawa za kutapisha na za kuharisha, na mara nyingi zebaki, ambayo ni sumu. Wagonjwa wengine walidhuriwa na dawa zenyewe. Hahnemann alifikia kuona kwamba anadhuru wale wanaomlipa, akaacha kutibu kwa kipindi fulani na kurudia kutafsiri vitabu, ijapo familia yake iliteseka na umaskini na kuhama mji hadi mji.

Mwaka wa 1792, Kaisari Leopold wa pili alipokufa Vienna baada ya kutolewa damu mara nyingi, Hahnemann aliandika hadharani kulaumu waganga waliomtibu mfalme huyo. Haikuwa kazi ndogo kwa mganga asiye na mali wala mlinzi.

Ganda la kinkina

Miaka miwili mbele ya hapo, jambo moja lilikuwa limebadilisha maisha yake. Mwaka wa 1790 alikuwa akitafsiri kitabu cha mganga wa Scotland, William Cullen, juu ya dawa. Cullen alieleza kwamba ganda la mti wa kinkina linaponyesha homa ya malaria kwa sababu linatia tumbo nguvu. Kinkina ndio mti wa kinini, ule ambao leo unalimwa Kivu na kutengenezwa dawa Bukavu. Maelezo ya Cullen hayakumridhisha Hahnemann. Alichukua ganda hilo, akalimeza mara mbili kwa siku, siku kadhaa, na yeye hakuwa mgonjwa.

Aliandika kwamba alisikia baridi mikononi na miguuni, moyo ukapiga mbio, mwili ukatetemeka, kisha joto likamshika. Kwake, hizo zilikuwa dalili za malaria yenyewe. Hapo akapata wazo ambalo hakuliacha hadi kufa: kitu kinacholeta dalili fulani kwa mtu mzima ndicho kitakachoponyesha mgonjwa mwenye dalili zinazofanana nazo. Mwaka wa 1796 aliandika wazo hilo katika jarida la waganga wa Ujerumani, na mwaka wa 1810 akatoa kitabu chake kikubwa, Organon. Elimu yake mpya akaiita homeopatia.

Leo inajulikana kwamba kinini haiponyeshi malaria kwa kufanana nayo. Inaua vijidudu ndani ya damu, vile alivyovigundua mganga Mfaransa Alphonse Laveran huko Algeria mwaka wa 1880, miaka 37 kisha kifo cha Hahnemann. Pia watu wengi wanaomeza kinini hawashikwi na homa. Huenda mwili wa Hahnemann ulikuwa na tabia ya kukataa dawa hiyo. Wazo zima lilisimama juu ya mwili wa mtu mmoja.

Arnika inaingia katika kitabu

Jambo moja jema lilitoka katika kosa hilo. Hahnemann alisema dawa isipewe mgonjwa kabla ya kujulikana inafanya nini ndani ya mtu. Basi yeye, jamaa zake na wanafunzi wake walimeza dawa moja moja na kuandika kila walichosikia. Kuanzia mwaka wa 1811 alitoa maandishi hayo katika vitabu, na arnika ilikuwamo.

Arnika ni mmea wa milima ya Ulaya, wenye ua la manjano. Wakulima wa Ujerumani waliutumia mbele ya Hahnemann kwa watu walioanguka ama kupigwa, hata jina lake moja la kienyeji lilimaanisha jani la kuanguka. Hahnemann hakuugundua. Aliutoa katika dawa za kijiji, akauingiza katika kanuni yake na kuuwekea kipimo chake.

Kipimo hicho ndicho kilicholeta mabishano. Tone moja la maji ya mmea lilitiwa katika matone 99 ya pombe ama maji na kutikiswa kwa nguvu. Kisha tone moja la mchanganyiko huo likatiwa tena katika matone mengine 99, na kuendelea hivyo hadi mara 30. Hahnemann aliamini kwamba kutikisa kunaongeza nguvu ya dawa wakati wingi wake unapunguka. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wataalamu walipojua kuhesabu molekuli, hesabu ilionyesha kwamba kufikia mara ya 12 ni vigumu kubaki hata molekuli moja ya mmea. Kwa mara ya 30, mtu anakunywa maji ama sukari tu.

Ugomvi Leipzig, utajiri Paris

Huko Leipzig, mahali alipofundisha kuanzia mwaka wa 1812, Hahnemann alipata wanafunzi waaminifu na maadui wengi. Wauza dawa walimshitaki kwa sababu alitengeneza na kutoa dawa zake mwenyewe. Mwaka wa 1820 alimtibu Karl von Schwarzenberg, jemadari aliyeongoza majeshi yaliyomshinda Napoleon karibu na mji huo huo, lakini mgonjwa huyo akafa. Mwaka uliofuata Hahnemann alihama na kwenda Köthen, chini ya ulinzi wa mtawala wa huko.

Kipindupindu kilipofika Ulaya mwaka wa 1831, alishauri kafuri, usafi na hewa safi ndani ya nyumba. Aliandika pia kwamba ugonjwa huo labda unaletwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana. Wagonjwa wasiotolewa damu wala kuharishwa na dawa walikuwa na bahati ya kupona kuliko wengine, na jambo hilo liliongeza sifa ya homeopatia. Watu walifikiri dawa ndiyo iliyowaokoa, lakini kilichowaokoa ni kuachwa bila kudhuriwa.

Mke wake Henriette alikufa mwaka wa 1830. Miaka michache baadaye, mwanamke Mfaransa, Mélanie d'Hervilly, mchoraji wa picha, alisafiri hadi Köthen kutafuta matibabu. Mwezi wa Januari 1835 wakaoana, yeye akiwa na miaka 34, bwana akikaribia 80. Wakahamia Paris, na mzee aliyeishi katika umaskini akawa tajiri. Kati ya wagonjwa wake alikuwamo Niccolò Paganini, mpiga fidla mashuhuri. Mélanie alijifunza kazi akatibu naye, na mwaka wa 1847, alipokuwa mjane, alishitakiwa kwa kufanya uganga bila ruhusa.

Mwaka huo huo wa 1835, katika mji wa Nuremberg, raia walifanya jambo ambalo Hahnemann mwenyewe angepaswa kulipenda. Walitengeneza dawa ya chumvi iliyopunguzwa mara 30 kwa kufuata kanuni yake, wakaiweka katika vichupa vyenye namba. Vichupa vingine vilikuwa na maji ya theluji peke yake. Vilichanganywa, na aliyekunywa hakujua amekunywa nini. Watu 50 walileta majibu, na 42 kati yao hawakusikia kitu. Waliobaki 8 walisema wamesikia jambo: watano walikunywa dawa, watatu walikunywa maji tu.

Hahnemann alizikwa katika makaburi ya Montmartre. Mwaka wa 1898 mifupa yake ilihamishwa katika makaburi ya Père Lachaise, Paris, na kaburi lake liko huko hadi leo.

Namna gani mguu unapona

Kwa wanamichezo, ubishi ulirudi katika karne ya 20. Mwaka wa 1998 wataalamu wa Uingereza walitoa majibu ya uchunguzi juu ya mamia ya wakimbiaji wa mbio ndefu. Wengine walipewa vidonge vya arnika, wengine vidonge visivyo na dawa, bila kujua wamepewa vipi. Arnika haikupunguza maumivu ya misuli kuliko vidonge vile vingine. Mwaka wa 2015, baraza la utafiti wa afya la Australia lilikusanya chunguzi nyingi za homeopatia na kuona kwamba hakuna ugonjwa ambao umethibitishwa kutibiwa nayo. Tangu Januari 2021, bima ya afya ya serikali ya Ufaransa hairudishii tena watu pesa za dawa hizo.

Kwa nini basi watu wengi wanashuhudia kwamba arnika imewasaidia? Jibu liko ndani ya mwili. Mchezaji akiteguka, nyuzi zinazofunga mifupa zinavutwa ama kuchanika, mishipa midogo ya damu inapasuka, na mahali hapo panavimba. Mwili unaanza mara moja kusafisha damu hiyo. Ndiyo sababu alama ya kugongwa huanza kuwa nyekundu ama kama zambarau, ikawa ya kijani, kisha ya manjano, na kuisha katika muda wa juma mbili hivi. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo ni vigumu kuziona, lakini kazi ni ile ile. Aliyemeza vidonge siku ya kwanza ataona nafuu siku ya tano. Asiyemeza kitu ataiona pia.

Pomade ya arnika ni kitu kingine, kwa sababu ina maji ya mmea wenyewe. Haipaswi kupakwa juu ya kidonda kilicho wazi. Na mmea wa arnika ambao haukupunguzwa ukimezwa ni sumu.

Hatari kubwa ya vidonge vile vitamu iko katika siku ambazo mchezaji anapoteza akivingojea vifanye kazi, wakati mfupa umevunjika. Kwa kifundo cha mguu, waganga wanatumia alama rahisi: mtu asiyeweza kutembea hatua nne, ama anayeumwa sana akigusishwa kwenye ncha za mifupa miwili ya pembeni mwa kifundo, anapaswa kupigwa picha ya mifupa. Mguu uliopinda, vidole vilivyopoa na kufa ganzi, ama mtu aliyegongwa kichwa kisha akazimia, akatapika ama akachanganyikiwa, ni wa kupelekwa hospitali siku ile ile.

Kwa aliyeteguka kidogo, kinachosaidia ni kuacha kucheza, kuweka barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa kwa dakika 10 hadi 20, kufunga bandeji isiyokaza mno, na kuinua mguu juu ya mto. Kukanda kwa nguvu na kwa maji ya moto siku mbili za kwanza kunaweza kuzidisha uvimbe. Kisha uvimbe kupunguka, mguu uanze kutembezwa polepole, na mchezaji arudi kiwanjani wakati anaweza kukimbia na kuruka bila maumivu.