Muyaka Alianza na Wasikilizaji

Mwanafunzi wa Kiritiri anayetaka kutunga shairi la kughani jukwaani huketi kwanza akahesabu mizani, na hofu ya kukosea humfunga kinywa. Kosa si lake. Ndivyo tulivyomfundisha sisi walimu. Laiti tungalimsimulia maisha ya Muyaka bin Haji wa Mombasa! Malenga huyu, aliyefariki mwaka 1840, alitunga juu ya mambo yaliyowagusa watu wa mji wake: mapenzi, hila, ukata, na hasa uhasama wa Mazrui na Seyyid Said wa Oman. Husemwa kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, nami nakubali. Vina na mizani alivishika barabara, lakini sivyo vilivyomsukuma kusema: alikuwa na neno la kumjibu mtu, na mtu huyo alikuwa akisikia. Mwaka 1837 Mazrui, aliowatetea kwa tungo, walianguka. Tungo zenyewe zilibaki vinywani mwa watu, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kifo chake.